Nabii wa Kwa Ndaki

Machimbo ya Kwa Ndaki, Bukombe
12 Novemba 2023

Shangazi yangu,

Assalaamu alaykum. Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, magoti yametulia na watoto wa madrasa hawajakupasua kichwa. Mimi sijambo, alhamdulillahi. Nina kikohozi cha vumbi tu, na hicho hapa ni cha wote, kuanzia mwenye shimo la dhahabu, duara kama tunavyoliita, mpaka mbuzi wake.

Najua umenuna kwa kuwa nimemaliza miezi miwili bila neno. Ningepiga simu, lakini tangu masikio yako yagome, kila nikipiga unapokea, unasema "Sinunui kitu," unakata. Basi nimempa barua hii Eustace, dereva wa lori la mahindi, naye ameapa atakukabidhi mkononi. Ukitaka kunijibu mpe yeye, anapita Nyahanga kila wiki.

Nina habari njema. Unakumbuka nilikwambia mzee Ndaki, mwenye duara hili, alikuwa amechimba mwaka mzima na kutoa udongo mtupu? Waganga watatu wamekula mbuzi wake, na mwamba hawajauona. Mimi nilikuwa mzungusha winchi ya kutolea udongo, mtu wa mwisho kabisa. Asubuhi moja nikamwambia nimeota ng'ombe mweupe amelala nyuma ya kile kichaka cha michongoma, mgongo wake unang'aa. Akaniangalia sana. Akahamisha watu wakachimba pale. Siku ya nne wakagonga mwamba, shangazi, na wenye dhahabu ya kuonekana kwa macho.

Desturi ya hapa ni kwamba aliyeota huhesabiwa kama mganga, anapata mgao wake wa viroba vya mawe. Nami nimepata wangu, nimesaga kwenye mashine ya karasha, nimeuza. Mabati anayokuletea Eustace ni ya madrasa. Watoto wasihamishe tena mikeka mvua ikinyesha.

Wenzangu sasa wananiita Nabii. Alianza Davis wa winchi kwa utani, wengine wakadaka. Nacheka tu.

Mwanao,
Zuberi


Nyahanga, Kahama
27 Novemba 2023

Mwanangu Zuberi,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba. Magoti hayajatulia, ila yananifikisha msikitini na kunirudisha, na nikidai zaidi ya hapo nitakuwa na tamaa. Wewe hicho kikohozi usikichekee. Kunywa maji ya moto na ufunge kitambaa puani, hata wakikuona kama bibi harusi.

Wabeja sana kwa mabati. Fundi George ameyapiga kwa siku mbili. Mvua ya kwanza ilipoyagonga watoto waliacha kusoma wakapiga vigelegele, nami nikasahau kuwakemea. Marehemu mjomba wako angeiona madrasa yake leo angelia. Mungu akuzidishie.

Sasa tuongee. Hilo jina unalochekea, mimi halijanichekesha. Sikulea nabii humu ndani. Nililea Zuberi mwana wa kaka yangu Mabula, aliyekojoa mkekani mpaka darasa la pili na aliyekuwa akimruka Dhulkifli kila tukisoma majina ya mitume. Umesahau tulivyokuwa tunafanya? Adam, Idris, Nuhu, tunashuka hivyo hivyo mpaka kwa Muhammad, rehema na amani zimshukie. Hapo mnapiga kofi moja kwa pamoja na kufunga midomo, kwa sababu orodha imekwisha. Haikuisha kwa kuwa mwalimu alichoka. Yeye ndiye muhuri.

Nilikufundisha ule mfano wake mwenyewe. Nyumba nzuri imejengwa, imekamilika, imebaki nafasi ya tofali moja pembeni. Watu wanaizunguka, wanaisifu, wanasema laiti na lile tofali lingewekwa. Ndipo akaja yeye, naye ndiye lile tofali. Niambie basi, Nabii wa Kwa Ndaki, wewe tofali lako utalichomeka wapi?

Wenzako sina ugomvi nao. Ndaki ni mtu wa jadi, huyo Davis sijui anasali wapi, na mjini huku mabango ya manabii ni mengi kuliko ya maduka ya dawa. Kwao nabii ni mtu yeyote anayeona. Wao hawajui. Wewe unajua, na hapo ndipo pabaya. Waambie waache.

Shangazi yako,
Nyamizi


Machimbo ya Kwa Ndaki
20 Desemba 2023

Shangazi mpendwa,

Assalaamu alaykum. Shikamoo. Hujambo na baridi ya mvua hizi? Mimi ni mzima, kikohozi kimepungua, kitambaa nafunga, na kweli wamenicheka.

Umenichapa kwa kalamu mpaka nimejikuna mgongo. Lakini na mimi nina la kusema. Si wewe uliyetufundisha kwamba baada ya Mtume hakuna kilichobaki katika utume ila bishara, na bishara ni ndoto njema ya Mwislamu? Na kwamba ndoto njema ni sehemu moja katika sehemu arobaini na sita za utume? Basi mimi sijadai kitu. Sijasema nimeletewa wahyi. Nimesema nimeota. Jina wamenipa wao, na kuwakataza kila saa ni kama kumkataza mbu.

Halafu, shangazi, hujui maisha ya hapa. Jana mzungusha winchi, mtu anakurushia sahani. Leo nikipita wananipisha kwenye foleni ya maji. Ndaki amenipa koti lake. Wanaume wenye ndevu wananiomba niwashike bega kabla hawajashuka. Ni nani angekataa?

Yupo mmoja tu asiyeniita hivyo. Ni Samwel, fundi wa matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za duara. Ni Mkatoliki wa Ushirombo, ana mke na watoto wawili, na tunalala hema moja. Ananiita Zube. Ugali wake huwa mgumu kama mwamba na hakubali mtu mwingine apike. Juzi akaniuliza, "Zube, na kesho utaota nini?" Akacheka. Mimi sikucheka, sijui kwa nini nakuandikia hili.

Mwamba wa pale umeanza kukonda. Ndaki ananiuliza kila asubuhi kama nimelala vizuri.

Mwanao,
Zuberi


Nyahanga
8 Januari 2024

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Marahaba. Nimefurahi kikohozi kimekuachia. Huku tuko salama, mahindi yamefika magotini, yangu mimi, si ya mrefu.

Umejibu vizuri, na ningekuwa bado nakupa alama ningekupa. Hadithi hiyo ni sahihi na nilikufundisha mimi. Lakini sehemu moja katika arobaini na sita si kitu kizima. Ukikata ng'ombe mafungu arobaini na sita ukanipa moja, pengine nimepata kwato. Nikienda mnadani na kwato nikasema nauza ng'ombe, watanipeleka kituoni. Na bishara, Zuberi, ni ya kumfurahisha aliyeota na kumshukuru Mola wake. Haipewi mgao wa viroba.

Nikukumbushe na jingine, maana naona ulilisoma ukiwa unasinzia. Mtume wetu alifika Madina akakuta watu wanachavusha mitende yao kwa mikono. Akasema hadhani kama kuna faida. Wakaacha, mwaka ule tende zikawa hafifu. Walipomweleza hakujitetea. Aliwaambia kuwa mambo ya dunia yao wao wanayajua zaidi. Huyo ndiye muhuri wa mitume, anayeletewa Jibrili, na kwenye mitende aliwaachia wakulima. Aliamrishwa awaambie watu wazi kwamba ghaibu haijui, na lau angeijua angejikusanyia kheri nyingi na baya lisingemgusa. Ukimwona mtu ana jibu la kila kitu, jua huyo hajafanana na mtume hata kidogo.

Sasa nakuuliza swali moja, na kwa kuwa nimekubeba mgongoni kutoka kwenye msiba wa mama yako mpaka humu ndani, nina haki ya kujibiwa. Huyo ng'ombe mweupe, uliota kweli?

Shangazi yako,
Nyamizi


Nyahanga
19 Februari 2024

Zuberi,

Assalaamu alaykum. Leo sina salamu ndefu. Eustace amepita kwangu kusema duara limeporomoka Kwa Ndaki tangu mwisho wa Januari na mtu amekufa. Anasema wewe amekuona kwa macho yake, u mzima, ila humtazami mtu usoni.

Barua zangu mbili za baada ya ile ya Januari amenirudishia. Anasema ulizikataa. Hii umeambiwa usiikatae. Andika hata mstari mmoja.

Shangazi yako


Machimbo ya Kwa Ndaki
26 Machi 2024, Ramadhani kumi na tano

Shangazi,

Assalaamu alaykum. Shikamoo. Natumai saumu inakwenda vizuri na hujajilazimisha kufunga huku magoti yakikuuma. Mimi nafunga. Sijui kama inapokelewa.

Hapana. Sikuota.

Ilikuwa baada ya mvua. Nilikwenda nyuma ya michongoma kujisaidia, nikaona jiwe jeupe limeoshwa, lina mistari ya dhahabu. Hapa anayeokota jiwe kwenye eneo la mtu huambiwa asante, basi. Anayeota ndiye anayepewa mgao. Nililirudisha jiwe chini, nikalifunika kwa guu, nikaenda kwa Ndaki na ng'ombe mweupe. Huo ndio utume wangu wote, na mabati juu ya vichwa vya watoto wako yametoka humo.

Mwamba ulipoisha Ndaki akataka ndoto nyingine. Nikakaa siku tatu nikitafuta mawe kwa siri, sikuona kitu. Siku ya nne nikamwonyesha mahali upande wa mashariki, nikasema ng'ombe amehamia kule. Nilichagua pale kwa sababu pana kivuli tu. Wakachimba. Udongo wa pale ni mwekundu, laini, na mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Walipofika futi thelathini Samwel akasimama mdomoni mwa duara, akasema mtu asishuke mpaka aweke matimba, na magogo yangefika baada ya siku tatu. Ndaki hakutaka kungoja. Akanigeukia mbele ya watu wote. "Nabii, tushuke au tungoje?"

Shangazi, barua yako ya mitende ilikuwa mfukoni mwa koti. Ningesema neno moja tu, sijui. Muulizeni Samwel, yeye ndiye fundi. Lakini walikuwa wananitazama kama watu thelathini, na nikaona nikisema sijui leo, kesho nazungusha winchi. Nikasema, "Shukeni, hakuna baya."

Samwel alinitazama. Akachukua vipande vya magogo vilivyobaki akashuka navyo yeye kwanza, ili afunge pale atakapoweza kabla wenzake hawajafika chini. Duara likamfunika. Tulimtoa kesho yake mchana.

Na hilo si baya kuliko yote. Watu hawakusema Nabii amekosea. Walisema Samwel alikufa kwa kuwa hakuamini. Alitia shaka mdomoni mwa duara, kwa hiyo ardhi ikamkataa. Ndaki kalisema, Davis kalisema, limefika Ushirombo kabla ya maiti. Nilikwenda kwenye mazishi. Watu walimwacha mkewe, Dorika, upande wake peke yake na watoto. Padri alipomaliza, Dorika akanijia kaburini mbele ya umma wote, akasema, "Wewe ndiye wanayekuita Nabii. Sema neno juu ya mume wangu." Nikainua mikono nikamwombea dua. Watu wakaitikia amina. Nikarudi machimbo.

Silali.

Zuberi


Nyahanga
3 Aprili 2024

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Marahaba. Barua yako niliisoma kabla ya kufuturu, na siku ile nilifuturu kwa maji peke yake.

Nianze na langu, maana siwezi kukusema wewe mimi nikiwa nimekaa pembeni kama mgeni. Eustace aliniambia habari za Nabii wiki mbili kabla hujaniandikia. Nilikwenda kwenye maulidi ya wanawake, wakasema mtoto wa Bi Nyamizi ana karama, amefunuliwa. Nikainamisha macho kama mtu mnyenyekevu, Zuberi, na moyoni nilikuwa nakula sukari. Nilikukemea kwa barua tu, tena baada ya kukushukuru kwa mabati. Ningepanda gari siku ile ile nikuvute sikio mbele ya wachimbaji wenzako, huyo kijana wa watu angekuwa anapika ugali wake mgumu mpaka leo. Nilikaa chini ya bati jipya nikisikiliza mvua.

Nimemwita George ayaezue. Alidhani nimeanza kuchanganyikiwa. Yamekaa uani, ukija utaamua nani ana haki nayo. Watoto wanahamisha mikeka tena.

Sasa lako. Toba ina masharti, na unayajua: uache, ujute, uazimie usirudie. Lakini dhambi ikiwa imegusa haki ya mtu, sharti la nne ni kumrudishia mwenyewe. Mungu utamwomba hapo hapo ulipo, hata kwenye matope. Dorika yuko Ushirombo. Umemchukulia mume, na ukamchukulia na jina la mume, na hilo la pili unaweza kulirudisha ungali hai. Nenda ukamwambie. Kisha useme mbele ya wachimbaji, kama ulivyosema uwongo mbele yao.

Idi njema, ukiweza.

Shangazi yako,
Nyamizi


Machimbo ya Kwa Ndaki
21 Aprili 2024

Shangazi,

Assalaamu alaykum. Shikamoo. Idi ilipita, nilisali Ushirombo mjini, safu ya nyuma. Natumai wewe ulisali ukiwa mzima.

Nilisema. Jumatatu baada ya Idi nilipanda juu ya kifusi asubuhi, watu wakiwa wamekusanyika, nikawaambia mimi si nabii, sikuota ng'ombe, niliokota jiwe. Nikawaambia baada ya Mtume Muhammad hakuna nabii mwingine, si mimi wala yeyote. Nilijua watanipiga mawe. Unajua walifanya nini? Davis akasema kwa sauti, "Mnaona? Nabii wa kweli hujikana." Mzee mmoja akanishika pindo la koti. Nikarudia mara ya pili, ya tatu, na kila nikirudia wanazidi kuniamini. Ndaki akanivuta pembeni. Yeye aliniamini niliposema ukweli, nililiona machoni pake. Akaniambia, "Endelea kujikana hivyo hivyo, inawafaa. Lakini ukienda kulisema Ushirombo kwa ndugu za marehemu, hutarudi na miguu yako."

Kwa hiyo sikwenda. Naogopa, shangazi. Nimemwandikia Dorika barua, imo ndani ya hii. Tafadhali umpelekee wewe. Wewe ni mtu mzima, ni mwanamke mwenzake, atakusikiliza.

Mwanao,
Zuberi


Nyahanga
6 Mei 2024

Zuberi,

Waalaykum salaam. Marahaba.

Nilikwenda. Nimepanda basi na magoti haya mpaka Ushirombo, nikauliza nyumba ya marehemu Samwel fundi matimba. Mama mmoja dukani akanijibu, "Yule aliyembishia Nabii?" Hivyo ndivyo anavyojulikana marehemu huko.

Dorika alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Alinipa kiti, akapika. Ni mwanamke mwembamba, anaongea taratibu, anakutazama sana usoni wakati unajibu. Baba mkwe wake, mzee Ansgar, alikuwa amekaa mlangoni. Dorika aliniambia jumuiya yao ya nyumba kumi hawaji tena kusali kwake. Hawamtukani, hawaji tu. Mtoto mkubwa amepigana shuleni mara mbili kwa ajili ya baba yake.

Barua yako ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilitia mkono mara tatu. Mara ya tatu nikaona aibu, tena si yako, ni yangu. Niliona ninakuja kumpa mjane karatasi wakati mwenye ulimi amejificha. Nilimwambia mimi ni shangazi wa Zuberi. Akasema, "Mama, mwambie namngoja." Sikuelewa, na sikuuliza.

Barua yako nakurudishia. Sikuifungua, na yeye sikumpa. Nimekubeba mgongoni mara moja katika maisha yako na inatosha. Ndaki akikuvunja miguu nitakuja kukuuguza, naapa. Ukikaa huko na miguu mizima, usiniandikie tena.

Shangazi yako,
Nyamizi


Ushirombo
9 Juni 2024

Shangazi yangu,

Assalaamu alaykum. Shikamoo. Natumai u mzima na magoti yamepoa na safari ile. Mimi ni mzima, miguu ipo. Niliondoka Kwa Ndaki nimelala juu ya magunia ya Eustace, chini ya turubai. Koti nilimwachia mwenyewe kwenye msumari wa hema.

Nilifika kwa Dorika Ijumaa baada ya sala. Alikuwa anapalilia karanga. Sikungoja anikaribishe, nilijua nikikaa kwenye kiti nitaanza kuuliza habari za watoto na siku itapita. Nikamwambia nikiwa nimesimama kwenye matuta. Jiwe, uwongo, kivuli cha mashariki, swali la Ndaki, na jibu langu. Nikamwambia Samwel alisema kweli kuhusu matimba na mimi ndiye niliyemwua, kisha nikamwacha azikwe na kosa langu.

Alisikiliza mpaka mwisho ameshika jembe. Akasema, "Ngoja hapo." Akaenda akamleta mzee Ansgar na watoto wote wawili. Halafu akapita nyumba kwa nyumba akaleta watu wa jumuiya, na mama wa dukani, wakawa kama ishirini. Akaniambia, "Rudia."

Nikarudia. Mmoja akaanza kusema kwamba nabii hujikana, Dorika akamkata. "Muulizeni jiwe aliliokotea wapi, na alilifunika kwa guu lipi." Nikajibu, la kushoto. Nikashangaa amejuaje, maana hilo la guu nimeliandika kwako tu. Akawaambia, "La kushoto. Ndivyo alivyoniambia Samwel." Hapo wakaniamini. Mwanamume mmoja alinipiga kofi, mwingine akamzuia. Sikukinga. Mzee Ansgar hakunigusa. Aliwageukia wale watu akasema, "Mwanangu alikuwa fundi," akakaa chini kwenye matuta akalia kwa sauti. Wale mama wa jumuiya walikwenda kumwinua, na wakaingia naye ndani ya ile nyumba ambayo hawakuwa wameikanyaga tangu Februari. Mtoto mkubwa alisimama ananitazama mpaka akaitwa ndani.

Tulipobaki wawili nikamwuliza Samwel alijua tangu lini.

Alijua tangu siku ya kwanza, shangazi. Alikuwa upande wa pili wa michongoma, aliniona nikiinama, nikilirudisha jiwe na kulifunika. Alirudi nyumbani mwisho wa wiki ile akamweleza mkewe wakacheka. Dorika akamwambia amseme. Akakataa. Alisema, "Zube si mtu mbaya, ni mtu wa njaa. Mwache, atajisema mwenyewe." Akamfanya aahidi kwamba hatamwambia mtu. Miezi ile yote tulilala hema moja akijua, akinipikia, akingoja nijiseme.

Nikamwuliza Dorika kwa nini hakulisema yeye, hata baada ya kifo, watu walipomtenga. Akasema mjane akimsema nabii, watu husema ni uchungu. Tena aliahidi.

Nikapiga magoti kumwomba msamaha. Akasema hilo ni jambo jingine na leo hakuwa na nafasi nalo. Akaokota jembe lake. Alipofika mwisho wa tuta akasimama, akaniambia bila kugeuka:

"Pale kaburini nilikuita mbele ya watu wote ili useme. Nilikupa nafasi. Wewe ukaomba dua."

Mwanao,
Zuberi